Namba 14 Haitairusha Ndege Yako

Swali ni lilelile, na huletwa na vijana wanaobeba laptopu kwenye mikoba ya shule wakitoka Karungu, Macalder na hata Muhuru Bay: "Fundi, simuleta ya ndege inakwamakwama. Niipe viini vingapi vya prosesa?" Wengine hawaulizi, wanakuja na jibu tayari. Wameshaandika AffinityMask=14 kwenye faili ya fsx.cfg kwa kuwa video fulani iliwaambia, au wamefungua Task Manager na kuweka alama kwenye visanduku vyote, na sasa wanataka niwahakikishie kwamba ndege itapita juu ya Ghuba ya Winam bila kugugumia. Haitapita. Nimelijibu swali hili kwa mdomo hapa Sori hadi nimechoka, kwa hiyo leo naliandika.

Windows huiruhusu kila programu kutumia viini vyote tangu inapofunguliwa. Hakuna kiini kinachokaa bure kikisubiri ruhusa yako. Kuteua viini, iwe kwa Task Manager au kwa namba ndani ya faili, ni katazo tupu: unaiambia Windows ni viini gani programu hiyo isiviguse. Ukiweka alama kwenye visanduku vyote hujabadilisha kitu, maana vilikuwa na alama kabla hujafika. Ukiondoa alama kwenye kimoja, umepunguza. Hakuna hali ya tatu. Tena uteuzi wa Task Manager hufutika punde programu inapofungwa. Wengi wanaoniapia kwamba simuleta yao imenyooka tangu wiki iliyopita wamekuwa wakiruka bila uteuzi wowote tangu walipoifunga mara ya kwanza.

Sasa hiyo 14. Asili yake ni FSX, simuleta ambayo Microsoft iliitoa Oktoba 2006 na ambayo bado inatembea kwenye flashi hapa kwetu kwa sababu ni nyepesi na haidai intaneti. Ilipotoka ilitegemea kiini kimoja karibu kwa kila kitu. Mwaka 2007 ilipata viraka viwili, na kuanzia kile cha kwanza ikaanza kutumia viini vingine, lakini kwa kazi maalumu: kupakia picha za ardhi na kupanga miti na nyumba. Faida yake ilikuwa kwamba ardhi iliyo mbele ya ndege iliacha ukungu mapema. Mwendo wa ndege yenyewe, vyombo vyake, ndege nyingine zilizo angani na maagizo yanayopelekwa kwenye kadi ya grafiki vilibaki kwa sehemu kubwa kwenye uzi mmoja, yaani mfululizo mmoja wa kazi ambamo kila hatua husubiri iliyotangulia. Kitengo cha ACES kilichoitengeneza kilifungwa Januari 2009, na FSX ikabaki na muundo huo.

Namba yenyewe husomwa kwa biti. Kiini cha kwanza kina thamani ya 1, cha pili 2, cha tatu 4, cha nne 8. Unajumlisha vile unavyoviruhusu: 2 na 4 na 8 ni 14, yaani vyote isipokuwa cha kwanza. Aliyeitunga alikuwa na mashine ya viini vinne halisi na hoja inayoeleweka. Kazi nyingi ndogo za vifaa katika Windows huangukia kiini cha kwanza, kwa hiyo akataka uzi mkuu wa simuleta uhamie cha pili upate utulivu. Kwa mashine yake na kwa miaka ile, kukwama kungeweza kupungua kidogo. Kasi ya picha haikuwa na sababu ya kupanda.

Wewe una mashine gani? Nyingi ninazoletewa ni laptopu zilizotumika ofisini ng'ambo kabla ya kufika Nairobi, na hapa ukanda wa ziwa HP EliteBook 840 G3 naiona kila mara. Zilizo nyingi zina prosesa ya i5-6300U. Ndani yake mna viini viwili tu. Windows inakuonyesha vinne kwa sababu kila kiini halisi hujitokeza kama pacha wawili wanaotumia viungo vilevile. Ukiandika 14, unamzuia pacha wa kwanza wa kiini cha kwanza na kumwacha ndugu yake. Uzi mkuu unatua kwa huyo ndugu, juu ya kiini kilekile ulichodhani umekikimbia, na unaendelea kugombania viungo na zile kazi za Windows. Wapo pia wanaobandika 84. Hiyo ilikusudiwa prosesa ya viini vinne vyenye pacha, jumla wanane. Ni 4 na 16 na 64. Kwa 840 G3, wawili kati ya watatu wanaotajwa na namba hiyo hawapo kabisa. Mtu anakopi dawa ya mgonjwa mwingine bila kuangalia hata jina la ugonjwa, kisha ananiuliza kwa nini hajapona.

Kinachowakwaza vijana zaidi ni ile grafu ya Task Manager. "Fundi, prosesa inatumika asilimia 30 tu, hiyo 70 si imelala?" Haijalala. Uzi mmoja uliojaa hadi pomoni, kwenye mashine inayoonyesha viini vinne, ni asilimia 25 ya jumla. Na kwa kuwa Windows huuhamisha uzi huo kutoka kiini kimoja hadi kingine mara nyingi ndani ya sekunde moja, grafu zote nne huonekana zimepanda kidogo na hakuna iliyojaa. Mashine imefika mwisho wa uwezo wake huku grafu inakuonyesha nafasi tele.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Tuseme fremu moja inachukua milisekunde 40, ambayo ni fremu 25 kwa sekunde. Milisekunde 30 kati ya hizo ni za uzi mkuu. 10 ni kazi zinazoweza kugawanywa. Niletee viini mia. Zile 10 zitakaribia sifuri, zile 30 zitabaki palepale, na utakuwa na fremu 33 kwa sekunde. Gene Amdahl aliieleza kanuni hii mwaka 1967, na hakuna faili ya kuhariri inayoikwepa. Wa ziwani watanielewa: watu kumi watavuta wavu upesi kuliko wawili, lakini usukani wa mtumbwi hushikwa na mmoja.

Simuleta mpya hazijaondoa tatizo hili, zimelipunguza tu. Microsoft Flight Simulator iliyotoka Agosti 2020 inagawa kazi vizuri zaidi, lakini ukiwasha hali yake ya wasanidi na kuangalia kisanduku cha fremu, mara nyingi sana utaambiwa kikwazo ni uzi mkuu. Julai 2021 sasisho la tano liliipa kasi kubwa kwenye mashine nyingi. Kasi hiyo ilitoka kwa wahandisi wa Asobo, kampuni iliyoitengeneza, waliopunguza na kupanga upya kazi ndani ya programu. Simuleta ya X-Plane ilipohamia mfumo wa grafiki wa Vulkan mwaka 2020 mambo yalikuwa hayohayo: maagizo ya grafiki yalipata njia nyepesi. Huko ndiko kasi inakotoka, ndani ya programu, kwa mikono ya walioiandika.

Mbona basi wengi wanaapa kwamba 14 imewasaidia? Siwaiti waongo. Walichokiona walikiona, ila wamekosea chanzo. Laptopu imerusha ndege saa nzima kwenye joto la hapa ufukweni, feni imejaa vumbi, prosesa imejipunguzia kasi isiungue. Kijana anafunga simuleta, anahariri faili, anazima na kuwasha. Katika muda huo mashine imepoa. Akirudi hewani, dakika kumi za kwanza ni raha tupu, na sifa zote zinakwenda kwa namba 14. Au kabla alikuwa uwanja wa JKIA, Nairobi, kwenye mvua na ndege nyingine zimejaa lami, na baada ya kuhariri akaanzia Kisumu asubuhi isiyo na wingu. Jaribio la kweli linataka uwanja uleule, ndege ileile, saa ileile, hali ya hewa ileile na mashine yenye joto lilelile, mara moja na namba na mara moja bila namba, huku fremu zikionekana kwenye skrini. Sijawahi kuletewa jaribio la namna hiyo lililoitetea 14 kwenye prosesa ya viini viwili.

Ipo tiba mbaya kuliko hiyo, na hii hunikasirisha kwa sababu huharibu kompyuta nzima na si simuleta peke yake. Fungua msconfig, wanasema, nenda Boot, kisha Advanced options, weka alama kwenye idadi ya prosesa, chagua namba ya juu kabisa, eti "unafungua" viini vilivyofichwa. Hakuna kilichofichwa. Kisanduku kile ni kikomo. Kiliwekwa kwa ajili ya wanaojaribu madereva na programu, ili waweze kuiwasha mashine kana kwamba ina viini vichache. Kikiwa hakina alama, Windows inatumia vyote. Ukichagua namba ya juu, umeambulia patupu. Ukiteleza ukachagua ya chini, umeikata mashine yako mwenyewe. Nimeletewa kompyuta ya mezani yenye viini vinne ikitumia kimoja kwa sababu hiyo tu, na mwenyewe alikuwa ameanza kutafuta pesa za prosesa mpya. Kisanduku cha kumbukumbu kilicho jirani ni hatari zaidi: andika kiasi kidogo mno na Windows inaweza kukataa kuwaka. Kama umewahi kugusa sehemu hiyo, rudi leo uondoe alama zote mbili. Na ile desturi ya kuipa simuleta kipaumbele cha juu kabisa kwenye Task Manager iachwe pia; inaweza kuifanya sauti ikatike na kipanya kigande.

Uteuzi wa viini una mahali pake, na mahali penyewe ni pachache. Ryzen 9 7950X3D ya mwaka 2023 ina viini 16, na nane tu kati yavyo vina kumbukumbu ya ziada ambayo simuleta huipenda sana. Ikiwa Windows imeshindwa kuutambua mchezo, kuufunga kwenye hivyo nane kuna maana. Prosesa nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 12 huchanganya viini vikubwa na vidogo, na ukiwa na Windows 10 huenda uzi mkuu ukapelekwa pasipofaa. Mwenye viini vingi anayerekodi video huku anaruka anaweza kuisukuma programu ya kurekodi pembeni. Kama mashine yako haimo humu, fungua fsx.cfg ufute mstari wa AffinityMask.

Yanayosaidia ni haya, na mengi hayagharimu kitu. Chomeka chaja, weka mpango wa umeme kwenye utendaji wa juu, kisha fungua Task Manager, ukurasa wa utendaji, usome kasi ya prosesa kwa GHz ndege ikiwa hewani. i5-6300U inapaswa kuwa 2.4 au zaidi, hadi 3.0. Ikiwa chini ya hapo, tatizo ni joto au umeme. Laptopu za Dell hukagua chaja, na zisipoitambua hupunguza kasi ya prosesa makusudi, kwa hiyo chaja ya bei rahisi inaweza kuwa ndiyo mchawi. Safisha feni, maana wale wadudu wanaoinuka ziwani kwa mawingu na kukimbilia taa hufyonzwa ndani na kushikana na vumbi. Badilisha pesti ya prosesa kama haijaguswa tangu mashine itoke kiwandani. Kama RAM ni kijiti kimoja, weka viwili vinavyolingana, kwa sababu grafiki iliyomo ndani ya prosesa hutegemea RAM hiyohiyo. Fungia fremu kwenye 30. Punguza ndege na magari ya trafiki, msongamano wa nyumba na miti, na umbali wa kuchora ardhi. Hivyo ndivyo vinavyoulemea uzi mkuu. Kupunguza ukubwa wa skrini kunasaidia kadi ya grafiki tu. Kwa simuleta mpya, ardhi yenye ukungu huku fremu ziko sawa ni habari ya intaneti, na bando la simu likizidiwa hakuna kiini kitakachokuokoa. Microsoft Flight Simulator ya 2020 yenyewe inadai angalau i5-4460, RAM ya GB 8 na kadi kama GTX 770, kwa hiyo usiilazimishe kwenye 840 G3. Chukua FSX au FlightGear, ambayo ni ya bure. Ruka Cessna 172 kutoka Kisumu hadi uwanja mdogo wa Migori badala ya kuondoka na ndege kubwa pale JKIA.

Ukija dukani, njoo na chaja unayoitumia kila siku, na uwe umeandika ile kasi ya GHz uliyoisoma mwanzoni mwa safari na nyingine baada ya nusu saa.