Samaki ya frigo na virusi: sababu gani wafanyakazi walilazimishwa kupimwa



Siku ya kupima watoto kilo kuna ulizo moja linalorudi mara nyingi: «Munganga, ni kweli samaki ya frigo inaleta korona?» Wengine wenu mulisikia kwamba huko Uchina watu wenye kufanya kazi katika vyumba vya baridi walilazimishwa kupimwa virusi kila juma, hata kila siku. Mukawaza: kama serikali inapima mutu mwenye kubeba samaki, basi samaki yenyewe ni sumu. Kuna wamama walioacha kununua tomsoni sababu ya habari hiyo, na watoto wakabaki na ugali na sombe tu. Ndiyo maana ninaandika karatasi hii. Mutoto aliyeachishwa ziwa, akikosa samaki, nyama, mayai na maharagwe, anaingia katika bwaki upesi, na bwaki inaua.

Tuanze na baridi, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Baridi haiui virusi

Vidudu vile vinavyoitwa bakteria vinakula na kuzaa ndani ya chakula. Ukiacha sufuria ya maharagwe usiku kucha bila kuichemsha tena, asubuhi vimekuwa vingi sana. Virusi si hivyo. Virusi haviwezi kuzaa nje ya mwili wenye uzima. Juu ya samaki iliyokufa vinakaa tu, kama mbegu juu ya jiwe. Haviongezeki.

Lakini baridi inavitunza. Na jambo hili munalijua tayari. Munganga wa chanjo anapofika na sanduku lake la barafu, anakataza watoto kulifungua ovyo. Sababu gani? Chanjo ya surua na matone ya polio ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Baridi inavihifadhi vizima; jua likivipiga vinakufa, na chanjo haina kazi tena. Basi baridi ile ile inayotunza virusi vyema vya chanjo inaweza kutunza virusi vibaya pia. Katika 2020 wachunguzi walitia virusi vya korona juu ya vipande vya kuku, vya nguruwe na vya samaki, wakaviweka katika barafu. Siku 21 zilipita, na virusi vilikuwa bado na nguvu.

Hapo hofu ilipata mahali pa kushika.

Mambo yaliyotokea Uchina

Mwezi wa 6 wa 2020, muji wa Beijing ulikuwa umekaa siku 56 bila mugonjwa mupya wa pale pale. Kisha ugonjwa ukatokea tena kwa watu wa Xinfadi, soko kubwa sana la kuuza chakula kwa jumla. Watu zaidi ya 300 waliambukizwa. Walipopangusa vitu vya soko, walikuta alama za virusi juu ya ubao wa kukatia samaki aina ya salmoni iliyotoka ng'ambo. Mara moja maduka ya muji yakatosha salmoni yote.

Mwezi wa 8, katika muji wa Shenzhen, alama za virusi zilionekana juu ya mabawa ya kuku ya barafu kutoka Brazili. Mwezi wa 9, katika bandari ya Qingdao, wafanyakazi wawili wa kushusha mizigo walikutwa na virusi. Hawakuwa na homa, hawakukohoa. Walijulikana tu kwa sababu bandari ilikuwa ikipima watu wake mara kwa mara. Tarehe 17 mwezi wa 10, wakubwa wa afya wa Uchina wakatangaza kwamba wamekuta virusi vyenye uhai juu ya makartoni ya samaki katika bandari ile.

Basi mwezi wa 11 wa 2020 serikali ikaweka amri. Chakula cha baridi kutoka ng'ambo lazima kinyunyiziwe dawa ya kuua virusi, kipimwe, na karatasi zake zionyeshe kila mahali kilipopita. Wafanyakazi wa vyumba vya baridi, wa bandari na wa malori walipaswa kupimwa kwa kijiti chenye pamba katika pua au koo. Mahali pengine ilikuwa mara moja kwa juma. Kufikia 2022, wale walioshika mizigo ya ng'ambo kwa mikono yao walipimwa kila siku. Wengine waliishi kambini majuma kadhaa bila kulala nyumbani kwao. Na chanjo ya korona ilipoanza kutolewa kwa vikundi vya kwanza, mwezi wa 12 wa 2020, watu wa kazi ya baridi walikuwa kati yao.

Hatari ilikuwa wapi?

Hapa, wamama, musikilize vizuri. Kile kipimo cha laboratwari kinatafuta alama ya virusi. Hakiambii kama virusi ni hai ao vimekufa. Ukikuta majivu mahali, unajua moto uliwaka pale. Lakini huwezi kupikia majivu. Mara nyingi sana kitu kilichokutwa juu ya makartoni kilikuwa majivu tu.

Tarehe 13 mwezi wa 8 wa 2020, Shirika la Afya la Dunia lilisema waziwazi kwamba watu wasiogope chakula wala makaratasi ya kukifungia, maana hakukuwa na alama kwamba chakula kinapitisha ugonjwa huu. Wachina walishikilia kwamba mufanyakazi mwenye kushika makartoni mengi kila siku, kisha akagusa pua, anaweza kuambukizwa. Hata tukikubali jambo hilo, yule ni mutu wa bandari. Si mama mwenye kununua samaki mbili na kuzitia ndani ya mafuta ya moto.

Lakini hiyo haina maana kwamba chumba cha baridi ni salama. Huko Ujerumani, katika 2020 hiyo hiyo, watu zaidi ya 1,000 waliambukizwa katika kiwanda kimoja cha kukata nyama. Wachunguzi waliona kwamba mufanyakazi mumoja alipitisha virusi kwa wenzake waliosimama hata mita 8 mbali naye. Nyama haikuwa na kosa. Chumba kilifungwa, mashine ilikuwa ikizungusha pumzi ile ile ya baridi, na watu walisimama karibu karibu, wakipumua kwa nguvu sababu ya kazi nzito. Jimbo lile liliamuru wafanyakazi wa viwanda vikubwa vya nyama wapimwe mara mbili kwa juma. Kwa mawazo yangu, hapo ndipo sheria ya kupima ilikuwa na maana zaidi: kumulinda mufanyakazi na watu wa nyumba yake.

Amri ile ya Uchina haiko tena. Tangu tarehe 8 mwezi wa 1 wa 2023, forodha ya Uchina iliacha kupima virusi vya korona juu ya chakula cha baridi cha ng'ambo. Mama akikuambia leo kwamba samaki ya frigo imekatazwa sababu ya korona, umuambie kwamba habari yake imezeeka.

Kama bwana yako anafanya kazi katika chumba cha baridi

Siku nyingine ugonjwa mwingine utakuja, na watu wa kazi hiyo wataitwa tena kupimwa. Asikimbie. Kupimwa si kushitakiwa. Lakini nasema vile vile kwa wakubwa wa kazi, hata kama karatasi hii ni ya wamama: ukimurudisha mutu nyumbani bila mushahara kwa sababu ya kipimo, kesho mwenzake ataficha homa yake. Nani atakubali watoto walale njaa? Kipimo bila mukate kinazaa uongo.

Na kuna virusi vingine ambavyo kweli vinasafiri kwa chakula, na hivi havisemwi sana. Ni virusi vya kuharisha na kutapika, pamoja na virusi vya ule ugonjwa wa ini unaofanya macho kuwa manjano. Vinatoka katika choo, vinapita kwa mikono ya mutu, vinafika juu ya chakula, na barafu haiviui. Mutu mwenye kuharisha asishike chakula cha wengine, na abaki siku 2 nzima nyumbani baada ya kuharisha kukoma. Anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila anapotoka chooni. Sabuni inavunja ngozi ya mafuta ya virusi vya korona vikafa. Virusi vya tumbo ni vigumu zaidi. Hivi maji ndiyo yanaviondoa, kwa hiyo sugua sana.

Wewe unayenunua

Ogopa samaki iliyoyeyuka ikagandishwa tena, kuliko korona. Katika miji yetu umeme unakatika, frigo inazima, samaki inalegea; umeme ukirudi inakuwa jiwe tena, na mwenye kuuza hasemi neno. Utazame: damu iliyoganda chini ya kartoni, samaki iliyopindika na kushikana na nyingine, macho yaliyozama, nyama inayopasuka ukiibonyeza. Ukiona hivyo, iache hata kama bei imeshuka. Nunua mwisho, ukiwa tayari kurudi nyumbani, kisha upike siku ile ile mpaka nyama itoke katika mifupa. Nawa mikono, kisu na ubao kabla ya kukata matomati.

Tomsoni ina tabia yake. Ikikaa katika joto, bakteria zinatengeneza ndani yake sumu ambayo moto hauiondoi, hata ukichemsha saa nzima. Mutu akiila, katika dakika chache ao saa chache uso unawaka, mwili unawasha, kichwa kinauma, moyo unapiga mbio, anatapika ao kuharisha. Mara nyingi inapita siku ile ile. Lakini mutoto akipumua kwa shida, ao midomo ikivimba, umulete hospitali mara moja, hata usiku, na ulete pamoja naye kipande cha samaki kilichobaki ndani ya mufuko, ili tujue alikula nini.