Maktaba Nyuma ya Swichi

Swichi ya mtandao, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo moja kwa kebo na kuipeleka kila pakiti ya data kwa mashine iliyokusudiwa, ni kama karani wa posta ambaye hupanga barua za watu siku nzima asibaki na hata moja. Ndiyo maana linashangaza tundu la USB 3.0 lililo nyuma ya swichi kubwa za kiofisi kama Cisco Catalyst 9300, kwa kuwa humo huchomekwa diski ya SSD ya gigabaiti 120, na kifaa kilichozoea kupitisha tu kikaanza kuweka: kumbukumbu za hitilafu, pakiti zilizonaswa kwa ajili ya uchunguzi, hata programu zinazoendeshwa ndani ya swichi yenyewe.

Mjini, tundu hilo ni habari ya wahandisi. Katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, Tanzania, kuanzia Kasanda hadi Kibondo na Kasulu, lina uzito mwingine, na fundi wa mitandao huuonyesha uzito huo kwa hesabu. Laini ya intaneti ya megabiti 2 kwa sekunde ingehitaji siku tano na nusu, usiku na mchana bila kukatika, ili kuijaza diski ya gigabaiti 120. Kebo ya ndani yenye kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde huweza kuhamisha mzigo huohuo kwa takriban dakika 16. Kwa hiyo diski iliyojazwa Kigoma mjini na kupakiwa basi itafika Kasanda mapema kuliko data ileile iliyoagizwa kwa laini, na ikishafika, umbali haudaiwi tena.

Fundi huongeza hesabu ya pili. Vishikwambi, ambavyo walimu wengi walivipokea baada ya kutumika katika sensa ya mwaka 2022, vikiwa 30 na kila kimoja kikivuta video ya megabiti 2 kwa sekunde kupitia kifaa cha Wi-Fi kilichounganishwa na swichi, vitatumia megabiti 60 tu, ambazo hazifiki hata sehemu ya kumi ya uwezo wa kebo moja. Ikiwa somo limehifadhiwa humohumo jengoni, hakuna mwanafunzi atakayesubiri.

Hata hivyo, swichi ndogo za matundu matano au manane zinazouzwa madukani kwa kawaida hazina mahali pa kuchomeka diski, na zile kubwa huidhinishiwa diski za mtengenezaji wake tu. Njia ya shule, basi, ni kuweka pembeni ya swichi kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kuichomekea SSD ya nje, na kuendeshea humo programu kama Kolibri ya shirika la Learning Equality, iliyobuniwa kufundishia pasipo intaneti. Wazo la darasa linalobeba maktaba yake si geni mkoani: mpango wa madarasa ya namna hiyo wa Vodafone Foundation na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, ulioanza mwaka 2013, umefika katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Linalomnyima fundi usingizi ni umeme. Kibondo na Kasulu ziliishi kwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya gridi ya taifa kufika, na umeme unaokatika ghafla ndio adui mkuu wa diski hii. SSD haina sahani inayozunguka, kwa hiyo mitikisiko ya barabara haiitishi. Lakini ikikatiwa umeme wakati inaandika, jedwali linaloonyesha kila faili liko wapi linaweza kuharibika, na diski nzima ikaonekana tupu ilhali imejaa. Kanuni za fundi hazina mjadala: betri ya akiba hununuliwa kabla ya diski, diski hutenganishwa kwa amri ya kompyuta kwanza, ndipo mkono uichomoe, na tundu hupimwa nguvu zake, kwa sababu USB 3.0 hutoa miliampia 900 na USB 2.0 hutoa 500 tu, kiasi ambacho hakiitoshi diski yenye njaa, ikazimika katikati ya kazi. Isitoshe, SSD huhifadhi data kama chaji za umeme zinazovuja polepole, hivyo diski iliyochakaa na kufungiwa kabatini kwa mwaka mzima bila umeme haistahili kuaminiwa kama nakala pekee.

Yapo yasiyotibiwa na kanuni hizo. Diski ya swichi kubwa inaweza kufungwa kwa nywila ili mwizi asiyasome yaliyomo. Je, mwenye nywila akihamishwa kituo, shule itaifungua vipi? Diski ikishasafiri kwa basi, ni nani atakayeirudisha mjini muhula ujao ili mtaala mpya uingizwe, na nauli itatoka katika fungu gani? Na kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, jirani ya Kasanda, ilipofungwa mwaka 2021, watu wake walihamishiwa kambi ya Nduta. Maktaba ya namna hii ingekuwapo, ingekuwa mali ya nani: ya waliohama, ya waliobaki, au ya aliyeinunua diski?