Wapi, Lini na Kwa Nini: Vipimo vya Ubongo na Mipaka Yake

Mwezi Aprili 1861, katika hospitali ya Bicêtre nje kidogo ya Paris, alifariki mgonjwa aliyekuwa ameishi humo miaka 21. Aliitwa Louis Victor Leborgne, lakini hospitalini walimjua kwa jina la Tan, kwa kuwa karibu kila alipoulizwa jambo alijibu "tan, tan". Akili yake haikuwa imepotea. Alipoulizwa amelazwa miaka mingapi, alifumbua kiganja mara nne, kisha akaongeza kidole kimoja. Baada ya kifo chake, daktari Paul Broca alilipasua fuvu akakuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Alitoa hoja kwamba uwezo wa kutamka maneno unategemea sehemu hiyo.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, hiyo ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kuujua ubongo wa binadamu. Mtafiti alimwangalia mgonjwa akiwa hai, akaandika anachokiweza na kinachomshinda, kisha akasubiri kifo ili aone palipoharibika. Njia hiyo ina nguvu ambayo hata leo mashine nyingi hazina: sehemu ikiharibika na uwezo fulani ukatoweka, kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba uwezo huo uliihitaji sehemu hiyo. Tatizo ni kwamba kiharusi, uvimbe au jeraha havichagui mipaka. Mwaka 2007 watafiti waliupiga picha za MRI ubongo wa Leborgne, uliohifadhiwa Paris muda wote huo, wakagundua kwamba madhara yalikwenda ndani kuliko alivyoona Broca, hadi kwenye nyuzi zinazounganisha maeneo ya mbali ya ubongo. Broca hakuukata ubongo huo vipande. Aliuhifadhi mzima, naye alisoma uso wake tu.

Mtu anayetaka kulinganisha njia za kuuchunguza ubongo anaweza kuiuliza kila moja maswali matatu. Inaonyesha wapi jambo linatokea? Inaonyesha lini? Na je, inathibitisha kwamba sehemu iliyoonekana ndiyo inayosababisha jambo hilo, au imeonekana kuwa na shughuli wakati huohuo tu? Hakuna kipimo kinachoyajibu yote matatu vizuri, na hapo ndipo mvutano mwingi wa fani hii unapoanzia.

Swali la "lini" lilipata jibu mapema. Mwaka 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, daktari Hans Berger alifanikiwa kunasa umeme hafifu wa ubongo wa binadamu. Alikaa na matokeo hayo miaka mitano kabla ya kuyachapisha mwaka 1929, na wenzake wengi hawakumwamini mwanzoni. Kipimo chake ndicho EEG inayotumika hadi leo: vipokezi vidogo vinabandikwa juu ya ngozi ya kichwa, na mashine inachora mawimbi. Mtu akifumba macho na kutulia, hutokea mawimbi ya takriban mapigo kumi kwa sekunde. Akifumbua macho, yanafifia. EEG hufuatilia mabadiliko ya ubongo kwa kiwango cha sehemu ya elfu ya sekunde. Lakini umeme huo hupita kwenye mifupa na ngozi kabla ya kufika kwenye kipokezi, na njiani hutawanyika. Anayesoma mawimbi hayo ni kama mtu anayesikiliza ngoma akiwa nyuma ya ukuta: mdundo anaupata barabara, ila nani anapiga ngoma ipi, hilo anakisia.

Kwa "wapi", mabingwa ni mashine za sumaku. MRI ya kawaida hupiga picha ya umbo la ubongo. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba sumaku hiyohiyo inaweza pia kufuatilia damu, kwa kuwa damu yenye oksijeni na ile iliyopungukiwa oksijeni hazifanani mbele ya sumaku. Miaka miwili baadaye mbinu hiyo, iitwayo fMRI, ilikuwa inatumika kwa binadamu. Eneo la ubongo likifanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka hapo, na kompyuta hulipaka rangi katika picha. Sehemu ya milimita chache inaonekana, bila kupasua na bila mionzi.

Hata hivyo, picha hizo zenye rangi nyekundu na njano zinahitaji tahadhari. Kwanza, zinaonyesha damu, wala si mawazo. Damu huchukua sekunde tano au sita kufikia kilele, wakati ambapo nyuroni, yaani seli za neva, zimeshamaliza kazi zamani. Pili, ubongo una nyuroni zipatazo bilioni 86, na kila nukta ya picha ya kawaida hubeba mamia ya maelfu yake. Tatu ni hesabu. Picha moja ina makumi ya maelfu ya nukta, na kila nukta hupimwa peke yake. Kwa wingi huo, baadhi zitaonekana "kufanya kazi" kwa bahati tu.

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walilidhihirisha hilo kwa kumweka samaki aina ya samoni, aliyekwisha kufa, ndani ya mashine ya fMRI. Walimwonyesha picha za watu, wakafuata utaratibu uleule unaotumika kwa binadamu, kisha wakachambua data bila kufanya marekebisho ya takwimu. Nukta kadhaa katika ubongo wa samaki huyo zilitokea kana kwamba zina shughuli. Walipofanya marekebisho yanayostahili, zilitoweka zote. Watafiti walikuwa wanalijua tatizo hilo tangu awali, lakini tafiti nyingi zilikuwa bado zinachapishwa bila marekebisho hayo, na samaki huyo aliwafanya wengi wajirekebishe.

Swali la "kwa nini" linamtaka mtafiti auguse ubongo na aone kinachobadilika. Wilder Penfield, daktari wa upasuaji huko Montreal, Kanada, aliugusa kwa umeme kidogo ubongo wa wagonjwa wa kifafa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, jambo linalowezekana kwa sababu ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Mkono ulicheza, au mgonjwa alihisi kitu mdomoni, na Penfield akachora ramani. Tangu mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipoonyesha kwamba pigo la sumaku kutoka nje ya fuvu linaweza kuichezesha misuli ya mkono, imewezekana kufanya jambo la karibu na hilo kwa mtu mzima wa afya bila kisu. Lakini pigo hilo hufika vizuri tabaka za juu tu. Vilindi vya ubongo haliviwezi.

Thamani ya kuziunganisha njia hizi inaonekana wazi katika ugonjwa unaojulikana sana Afrika Mashariki na Kati: malaria inayopanda kichwani. Mtoto anapata homa, degedege, kisha anapoteza fahamu. Baadhi hufariki hata wakipewa dawa inayofaa. Kinachowaua ni nini?

Jibu la kwanza lilitoka kwa maiti, kama enzi za Broca. Huko Blantyre, Malawi, timu iliyoongozwa na Terrie Taylor iliwachunguza watoto 31 walioaminika kufa kwa malaria ya ubongo. Mwaka 2004 walitangaza kwamba 7 kati yao walikuwa wamekufa kwa sababu nyingine kabisa. Waliosalia walikuwa na chembe za damu zenye vimelea zilizonata ndani ya mishipa midogo ya ubongo. Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba dalili za nyuma ya jicho, kwenye retina, zinaweza kumtofautisha mtoto mwenye malaria ya ubongo hasa. Lakini maiti haisemi lolote kuhusu mtoto aliyepona.

Katika miaka ya 1990, huko Kilifi, pwani ya Kenya, EEG ilikuwa imeshafichua jambo ambalo maiti isingelionyesha kamwe. Baadhi ya watoto walioonekana wamelala tu katika kupoteza fahamu walikuwa katikati ya degedege lisilotikisa mwili: jicho limeelekea upande mmoja, mate yanatoka, pumzi haina mpangilio. Mawimbi ya ubongo ndiyo yaliyothibitisha.

Kisha ikaja picha. Mwaka 2008 hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre ilipata MRI yenye sumaku ya tesla 0.35, dhaifu ikilinganishwa na zile za tesla 1.5 au 3 zilizozoeleka. Ilitosha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalihusu watoto 168. Kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo walipolazwa. Kati ya 143 waliopona, waliokuwa nao ni 39. Kwa waliopona, picha za kurudia zilionyesha uvimbe ukipungua. Kwa wanaofariki, watafiti walieleza, inaelekea ubongo uliovimba hulikandamiza shina lake, mahali panapoendesha pumzi, na mtoto akaacha kupumua. Kwa hiyo swali la matibabu limepanuka: pamoja na kuua vimelea, mtoto huyo atasaidiwaje kupumua hadi uvimbe upungue?

Vifaa vyenyewe navyo vinaanza kusogea karibu. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, Johnes Obungoloch na wenzake kutoka Uholanzi na Marekani wameunganisha papohapo MRI ndogo ya sumaku za kudumu, yenye takriban tesla 0.05, kwa ajili ya watoto wenye vichwa maji. Picha zake hazina makali ya zile za mashine kubwa, lakini daktari anayetaka kujua maji yamejaa wapi hahitaji kuona kila mkunjo wa ubongo.

Tofauti hizi zinamhusu pia kila anayepeleka mgonjwa hospitali. Picha ya CT au MRI isiyo na kasoro haiondoi uwezekano wa kifafa, kwa kuwa inaonyesha umbo na si umeme. EEG nayo inaweza kutoka safi kwa mtu mwenye kifafa, ikiwa hakuna kilichotokea katika dakika alizopimwa. Kwa hiyo kabla ya kulipia kipimo, muulize daktari mambo mawili: kipimo hiki kitatuonyesha nini, na kipi hakiwezi kutuonyesha? Ni haki ya mgonjwa kujibiwa yote mawili.