FORD: MOTOKAA YA KABWELA NA JASHO LA WALIOIUNDA



Katika mkutano wetu uliopita hapa Gisenyi, mwenzetu mmoja mchuma chai alisimama akauliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema kwamba yeye na wenzake walipomwendea msimamizi wao kuuliza habari za nyongeza ya mshahara, walijibiwa hivi: "Tulieni. Mwajiri mwema hahitaji kuombwa. Huko Marekani alikuwako tajiri mmoja, Ford, aliyewaongezea watu wake mshahara mara mbili kwa siku moja, na hapakuwa na chama chochote." Mwenzetu akataka kujua: je, ni kweli?

Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Tuliahidi kuitafuta nusu ya pili na kuieleza katika ukurasa huu. Jina la Ford si geni kwetu. Hapa mpakani na Goma motokaa za Toyota ndizo nyingi, lakini pikapu za Ford nazo zinapita, na jina limeandikwa mbele kwa herufi za mlazo. Tueleze basi motokaa hiyo ilianzaje, walioinunua waliionaje, na walioiunda walipata nini.

MWANZO WAKE

Henry Ford alizaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Michigan, mtoto wa mkulima. Alijifunza ufundi wa mitambo mjini Detroit, na mwaka 1896 akaunda gari lake la kwanza. Mwaka 1903 yeye na wenzake waliokuwa na fedha wakaanzisha kampuni ya Ford. Siku zile motokaa ilikuwa chombo cha matajiri, kama vile farasi wa mashindano. Ford alitaka kuunda moja iliyo nyepesi, imara na rahisi, ambayo mkulima angeweza kuinunua na kuitengeneza mwenyewe.

Mwaka 1908 ikatoka ile iliyoitwa Model T. Bei yake ilikuwa dola 850. Kufikia mwaka 1925 ile ya bei ndogo kabisa iliuzwa dola 260. Ilipoachwa kutengenezwa mwaka 1927, zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 15.

Ni nini kilichoshusha bei namna ile? Zamani mafundi waliizunguka motokaa moja mpaka imalizike. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, mambo yaligeuzwa: motokaa ikavutwa kwa mnyororo, na kila mtu akasimama mahali pake akifanya jambo moja tu. Huyu anaweka msumari wa skrubu, yule anakaza nati, na kesho ni yale yale. Kuunganisha fremu na mitambo yake, kazi iliyochukua zaidi ya saa 12, ikawa kazi ya saa moja na nusu hivi. Wenzetu wa kiwanda cha bia wanaujua mpango huu bila kufundishwa. Chupa haimngoji mtu, na anayeamua mwendo wa chupa ndiye anayeamua mwendo wa mikono yako.

WALIOIMILIKI WALIIONAJE

Walioinunua Model T waliipenda, na waliilalamikia pia. Iliinuka juu ya ardhi, kwa hiyo ilipita kwenye matope ambako nyingine zilikwama. Mkulima aliweza kuifungua kwa vyombo vichache na kuifunga tena. Wengine waliinyanyua gurudumu la nyuma kwa jeki, wakafunga mkanda, na injini ikaendesha msumeno au pampu ya maji. Siku za kazi ilikuwa mashine ya shamba, na Jumapili iliwapeleka watu kanisani.

Lakini miaka ya kwanza iliwashwa kwa kupiga hendeli, na hendeli iliporudi kwa nguvu iliweza kuvunja mkono. Tangi la petroli lilikuwa chini ya kiti, na petroli iliifikia injini kwa kuteremka tu, bila pampu. Basi kwenye mlima mkali, kama petroli ni kidogo, injini ilikosa mafuta ikazima. Wenye nayo wakapata dawa: waliigeuza, wakaupanda mlima kinyumenyume kwa rivasi. Ndugu madereva mnaopanda milima yetu kuelekea Kigali, fikirieni safari ya namna hiyo!

Huku kwetu wakati huo mizigo ilitembea juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipotoka Kongo na kuuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani, risasi na chakula vilibebwa na wapagazi. Mwaka huo huo Model T zilikuwa zikitoka Detroit kwa mamia ya maelfu.

Katika Afrika Mashariki, jina la Ford lilikuja kuenea kwa mashindano ya Safari. Mwaka 1964 Ford Cortina ilishinda, na mwaka 1972 Ford Escort ikashinda tena ikiendeshwa na Hannu Mikkola wa Ufini, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano hayo. Lakini kwa kabwela wa Nairobi, Ford iliyomgusa haikuwa ya mashindano. Ilikuwa gari kuukuu aina ya Ford Thames, lililofungwa mabenchi nyuma na kubeba abiria kwa senti thelathini, yaani mapeni matatu. Ndiko lilikotoka jina la matatu. Wenye magari hayo walikimbizana na askari mpaka mwaka 1973, Rais Kenyatta alipoyaruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu.

Si kila mmiliki alikuwa na bahati. Katika miaka ya 1970 Ford iliuza Marekani motokaa ndogo iitwayo Pinto, iliyoundwa kwa haraka, tangi lake likiwa nyuma kabisa. Ilipogongwa kwa nyuma iliweza kuwaka moto, na watu waliungua humo. Mwaka 1978 kampuni iliziita zirudishwe kutengenezwa, zipatazo milioni moja na nusu.

HABARI YA DOLA TANO

Sasa turudi kwenye swali la mwenzetu. Tarehe 5 Januari 1914 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba itamlipa mfanyakazi dola 5 kwa siku ya saa 8. Kabla ya hapo alipata dola 2 na senti 34 kwa siku ya saa 9. Dunia nzima ilishangaa. Maelfu ya watu walifika langoni kutafuta kazi katika baridi kali, na msukumano ulipozidi wakamwagiwa maji ya mipira ya zimamoto.

Je, ilikuwa huruma? Tazameni kilichotangulia. Kazi ya mnyororo ilikuwa imewachosha watu, nao wakawa wanaondoka. Mwaka 1913 pekee, ili kubaki na watu 14,000 hivi kazini, kampuni iliajiri zaidi ya 50,000. Mashine mpya zilikuwapo, mikono haikai. Kila anayeondoka aliacha pengo kwenye mnyororo, na kila mgeni alipaswa kufundishwa upya. Hawakuwa na chama, lakini miguu yao ilisema. Mshahara ule ulikuwa kamba ya kuifunga miguu hiyo.

Tena kamba yenyewe ilikuwa na mafundo. Sehemu kubwa ya zile dola 5 haikuhesabiwa kuwa mshahara. Iliitwa mgawo wa faida, nayo ilitolewa kwa masharti. Mwanzoni wanawake hawakuhesabiwa. Mgeni alingoja miezi sita. Na kampuni ilituma watu majumbani kuchungulia: je, unakunywa pombe? Nyumba yako ni safi? Unaweka akiba? Umefunga ndoa na huyo unayeishi naye? Aliyeonekana hafai alinyimwa mgawo wake. Wahenga hawakukosea waliposema bure ghali.

Hatukatai kwamba mshahara ule ulileta nafuu. Tupige hesabu. Kwa dola 2 na senti 34, motokaa ya dola 850 ni mshahara wa siku zaidi ya 360. Mwaka 1919 mshahara ulifika dola 6, na kwa bei ya mwaka 1925 motokaa ya dola 260 ikawa mshahara wa siku 44. Muundaji sasa aliweza kuwa mmiliki. Hilo ni jambo kubwa, na kila mmoja wetu akapige hesabu yake nyumbani: siku ngapi za kazi kwa baiskeli moja? Siku ngapi kwa pikipiki?

Lakini kilichotolewa bila mkataba huondolewa bila mkataba. Mwaka 1929 Ford alipandisha mshahara hadi dola 7. Uchumi ulipoanguka, kufikia mwaka 1932 ulikuwa umeshuka hadi dola 4, na maelfu walikuwa wamefukuzwa.

KIMYA KIWANDANI

Tarehe 7 Machi 1932, watu waliokosa kazi waliandamana kwenda kiwanda kikubwa cha River Rouge, mjini Dearborn, kudai kazi na mkate. Polisi na walinzi wa kampuni wakawafyatulia risasi. Wanne walikufa, na wa tano akafa baadaye kwa majeraha yake.

Ndani ya kiwanda palikuwa na kikosi cha walinzi na wapelelezi chini ya Harry Bennett. Kuzungumza kazini kulikatazwa, na wafanyakazi walijifunza kusema bila kutikisa midomo. Tarehe 26 Mei 1937 viongozi wa chama cha wafanyakazi wa motokaa, UAW, walifika kwenye daraja la kuingilia kiwandani kugawa karatasi zao. Walinzi waliwapiga vibaya, akiwamo Walter Reuther, ambaye baadaye alikuwa rais wa chama hicho. Walinzi walijaribu kuwanyang'anya wapiga picha kazi yao, lakini picha nyingine zilisalimika, na nchi nzima ikaona.

Mwezi Aprili 1941 wafanyakazi wa River Rouge waligoma. Mwezi Mei walipiga kura kuchagua chama, na tarehe 20 Juni 1941 kampuni ya Ford ikatia sahihi mkataba wake wa kwanza na UAW. Kutoka dola 5 hadi mkataba huo ni miaka 27. Hiyo ndiyo nusu ya hadithi ambayo msimamizi hakuisema.

SHAMBA LA MPIRA

Wenzetu wa mashambani wasidhani haya ni ya viwandani tu. Motokaa inahitaji matairi, na mwaka 1927 Ford alipata ardhi kubwa kando ya mto Tapajós nchini Brazili ili alime mpira wake mwenyewe. Pakaitwa Fordlandia. Wagema mpira, waliozoea kuanza alfajiri na kupumzika jua likiwa kali, waliwekewa saa za kiwanda cha Detroit. Walilishwa vyakula wasivyovizoea, na pombe ilikatazwa. Mwezi Desemba 1930 utaratibu wa kula ulipobadilishwa kwa amri, hasira zililipuka. Bwalo likaharibiwa, na saa za kugonga kadi zikavunjwa.

Miti nayo iligoma kwa namna yake. Ilipandwa karibu karibu, ugonjwa wa majani ukahama kutoka mti hadi mti. Waliojua msitu ule hawakuulizwa. Mwaka 1945 shamba liliuzwa kwa serikali ya Brazili kwa hasara kubwa, na Henry Ford mwenyewe hakufika huko hata siku moja.

AKINA MAMA WA DAGENHAM

Tumetaja Cortina iliyoshinda Safari. Motokaa hiyo iliundwa Dagenham, Uingereza, ambako vitambaa vya viti vilishonwa na wanawake. Mwaka 1968 wanawake 187 waligoma, kwa sababu kazi yao ilihesabiwa kuwa isiyo ya ufundi, nao walilipwa chini ya wanaume. Viti vilipokwisha, motokaa hazikuweza kutoka. Walirudi kazini wakiwa wameahidiwa asilimia 92 ya malipo ya wanaume, na mwaka 1970 Uingereza ikapitisha sheria ya malipo sawa. Hata hivyo, mpaka mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine, ndipo kazi yao ilipokubaliwa kuwa ya ufundi.

LA KUJIFUNZA

Kwanza, motokaa ya Ford ilikuwa chombo kizuri, na waliyoifaidi walikuwa wengi. Hatumchukii mtu kwa kuunda kitu kizuri. Tunasema tu kwamba bei ndogo ya bidhaa isilipwe na mgongo wa mfanyakazi peke yake.

Pili, mshahara haukupanda kwa sababu watu walitulia. Ulipanda kwa sababu walikuwa wanaondoka, na ukadumu walipoungana.

Tatu, zawadi ina mwenyewe, mkataba una pande mbili. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inatambua haki ya mfanyakazi ya kuwa na chama. Tuitumie kwa adabu na bila woga.

Nne, tuanze na hesabu. Mchuma chai aandike kilo zake katika daftari kila zinapopimwa, mbele ya mizani. Wa kiwandani aandike saa alizoingia na alizotoka. Mwisho wa mwezi tulinganishe na karatasi ya mshahara, na penye tofauti tumpe habari mjumbe wetu. Neno la mdomo hupingwa, lakini daftari la watu thelathini linalosema jambo moja ni gumu kulipinga.

Mwenzetu wa chai sasa analo jibu la kumpelekea msimamizi. Asilipeleke peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.