Vyumba Vilivyochimbwa Kwenye Majivu

Kijiji cha Oia kimekaa kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Santorini, Ugiriki, juu ya jabali linaloshuka karibu wima hadi baharini. Enzi za merikebu za tanga, manahodha na wenye vyombo walijenga nyumba zao za ghorofa juu kabisa, kwenye mtaa wa Sideras, palipo na nafasi. Mabaharia waliowatumikia hawakuwa na fedha za kiwanja wala za mawe. Walichimba vyumba vyao ubavuni mwa jabali, na familia zikalala humo vizazi kwa vizazi. Leo mgeni anayelipa fedha nyingi zaidi kisiwani analala kwenye vile vyumba vya mabaharia, vikiwa vimepakwa chokaa upya na kuwekewa bafu la marumaru.

Wanaochagua hoteli ndogo za kifahari za Santorini wengi huchagua kwa macho: bwawa, ukuta mweupe, jua linalozama. Picha hizo ni za kweli na uzuri wenyewe haupungui ukifika. Lakini haziwezi kukuambia kama utalala vizuri. Hilo linategemea jinsi chumba kilivyochimbwa, hewa inapitia wapi, na aliyekarabati alielewa nini kuhusu nyumba aliyokabidhiwa. Nawaandikia wasomaji wasio wajenzi, kwa sababu mtu akishaelewa nyumba hizi zinavyofanya kazi, hadanganyiki kirahisi, na hufurahia mara mbili.

Tuanze na ardhi. Yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo, volkeno iliyokuwa hapo ililipuka kwa nguvu kubwa, katikati ya kisiwa pakadidimia na bahari ikaingia. Kilichobaki ni pete iliyovunjika: Santorini yenyewe, kisiwa cha Thirasia na kijisiwa cha Aspronisi, vikizunguka shimo la maji liitwalo kaldera, lenye kuta zinazofika mita 300 hivi juu ya bahari. Mlipuko uliacha tabaka la majivu na mawe mepesi yenye vitundu, mahali pengine likiwa na unene wa makumi ya mita. Humo ndimo mabaharia walimochimba. Ni udongo laini kiasi cha kukatika kwa sururu, na bado umeshikamana kiasi cha kusimama wenyewe, mradi uukate kwa umbo la tao. Dari bapa ingeporomoka. Tao husukuma uzito pembeni hadi ukutani, na ardhi iliyo nyuma ya ukuta huupokea.

Mbele ya pango, pale jabali lilipokuwa halitoshi, waliongeza chumba cha mawe chenye paa la tao vilevile. Hapa ndipo kisiwa kilipolazimishwa kuwa na akili, kwa sababu hakina miti ya kujengea. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au za Lamu anajua jinsi urefu wa boriti ya mkoko ulivyoamua upana wa chumba: vyumba ni virefu na vyembamba kwa kuwa boriti haivuki zaidi ya hapo. Santorini hakukuwa na boriti kabisa, basi paa likajengwa kwa mawe meusi na mekundu ya volkeno yaliyofungwa kwa udongo uleule wa majivu na chokaa.

Mchanganyiko huo unastahili kuelezwa. Majivu ya Santorini yana silika nyingi, na silika ikikutana na chokaa na maji hutengeneza kitu kinachokaribia saruji, kinachoganda hata kikiwa ndani ya maji. Waroma walitumia majivu ya aina hiyo kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli. Ya Santorini yalichimbwa na kupakiwa melini kwa wingi katika karne ya 19, yakaenda kujenga kuta za bandari wakati wa kuchimbwa Mfereji wa Suez, kati ya mwaka 1859 na 1869. Wachimbaji wa majivu hayo ndio walioanza kukutana na kuta za kale chini ya ardhi, na karne moja baadaye, mwaka 1967, mwanaakiolojia Spyridon Marinatos akaanza kufukua mji wa Akrotiri, uliofunikwa na mlipuko uleule. Kwa hiyo ukiwa kitandani ukitazama dari iliyopinda juu yako, unatazama mabaki ya janga lililozika mji mzima, yaliyogeuzwa kuwa kifaa cha ujenzi.

Sasa tuingie ndani. Nyumba ya asili ina uso mwembamba na kina kirefu. Mlango uko katikati, dirisha kila upande, na juu ya mlango kuna dirisha dogo, mara nyingi la nusu duara. Mbele ni sebule, nyuma ni chumba cha kulala, na kati yake kuna ukuta wenye mlango, madirisha mawili na dirisha dogo la juu, kama ukuta wa nje. Wengi hudhani madirisha hayo ya ndani ni pambo. Ndiyo mapafu ya nyumba. Mwanga wa mchana hupenya kupitia humo hadi nyuma, na hewa yenye joto, ambayo hupanda juu, hutokea kwenye vidirisha vya juu huku hewa mpya ikiingia kwa mlango.

Ubaridi wa chumba cha pangoni wakati wa kiangazi unatokana na wingi wa ardhi inayokizunguka. Ukishuka mita kadhaa ndani ya ardhi, joto halifuati mchana na usiku tena, wala halifuati sana majira. Hukaribia wastani wa mwaka mzima wa mahali hapo. Agosti, nje kukiwa na nyuzi 29 na jua la alasiri likipiga jabali linaloelekea magharibi, nyuma ya pango bado kuna ubaridi wa kupendeza. Majira ya baridi, upepo ukivuma, pango ndilo lenye joto. Majivu yenyewe yamejaa vitundu vya hewa, na hewa iliyofungiwa hupitisha joto polepole sana. Chumba kama hicho hakihitaji kiyoyozi kinachonguruma usiku kucha, na utulivu wake ni mzito kuliko wa chumba chochote cha zege.

Adui wake ni unyevu. Hewa ya baharini ya kiangazi ni ya joto na imebeba maji. Ikigusa ukuta baridi wa pangoni, maji huachia na kubaki ukutani. Wenyeji wa zamani walikabiliana na hali hiyo kwa vidirisha vya juu, na kwa plasta ya chokaa ambayo hufyonza unyevu na kuuachia baadaye. Mkarabati asiyejua hufunika kuta kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta ili zing'ae, kisha huziba vidirisha vya ndani ili chumba kionekane laini. Maji hayana pa kwenda. Baada ya misimu michache chumvi hutokeza, rangi huvimba na kubabuka, shuka huwa na ule ubichi ambao hakuna manukato yanayoweza kuuondoa. Hoteli nzuri hupaka chokaa kila mwaka kabla ya msimu, huweka mashine ya kukausha hewa mahali isipoonekana, na huacha madirisha ya ndani yakifanya kazi yake.

Kwa sababu hiyohiyo sipendekezi chumba chenye bwawa ndani ya pango, ingawa ndicho kinachopigiwa debe zaidi siku hizi. Maji ya moto kwenye chumba cha udongo kisicho na upepo wa kutosha ni kulitesa jengo, na mgeni hulala kwenye hewa nzito. Bwawa likae nje, na liwe dogo.

Mapango haya karibu yapotee. Tarehe 9 Julai 1956 tetemeko la ardhi la kipimo cha 7.5 au zaidi kidogo, lililoanzia karibu na kisiwa cha Amorgos, liliipiga Santorini na kuua watu 53. Nyumba nyingi za Oia na za Fira, mji mkuu, zilianguka au kupasuka. Familia nyingi zilihama kwenda Piraeus na Athens, wala hazikurudi. Kwa miaka karibu 20 nusu ya Oia ilikuwa magofu yenye milango wazi.

Uhai ulirejea kwa njia ambayo nadhani ingefaa kusomwa na kila mji wa kale wenye majengo yanayooza. Kuanzia mwaka 1975 shirika la utalii la serikali ya Ugiriki, EOT, lilianzisha mpango wa kufufua vijiji vya asili: Oia, Mesta katika kisiwa cha Chios, Vathia huko Mani, Vizitsa kwenye mlima Pelion na vingine. Mwenye nyumba hakunyang'anywa wala hakushawishiwa auze. Alilikabidhi shirika nyumba yake kwa miaka kadhaa, likaikarabati kwa ufundi wa asili, likaiendesha kama nyumba ya wageni, kisha likairudisha kwake ikiwa imara na inaingiza kipato. Mgeni anayekaa leo kwenye hoteli yenye vyumba kumi vya pangoni anaishi ndani ya wazo lile: vyumba vichache, kila kimoja na umbo lake, hakuna ukumbi mkubwa wa mapokezi, na kijiji chenyewe ndiyo korido.

Kijiji kuwa korido kuna gharama yake. Nyumba zimepandana, kiasi kwamba ua wa mmoja ni paa la mwenzake. Hatua za jirani utazisikia darini, na watu wapitao njia ya juu wanaweza kuona bwawa lako lote. Ukubwa wa chumba usikushughulishe sana. Uliza ua wako unatazamwa na nani. Uliza pia idadi ya ngazi. Gari huishia barabarani juu, na kuanzia hapo mizigo hubebwa begani na wachukuzi wa hoteli, wanaofanya kazi ngumu kuliko zote hapo na wanaostahili bakshishi ya maana. Mwenye magoti mabovu aombe chumba cha juu, hata kama cha chini kinasifiwa mandhari. Punda na nyumbu bado wanapandisha watalii kutoka bandari ya zamani ya Fira, ngazi zinazokaribia 600, wakati gari la waya lipo. Mwaka 2018 serikali ilipiga marufuku kumbebesha mnyama zaidi ya kilo 100, au moja ya tano ya uzito wake. Mimi naona bora apumzishwe kabisa.

Maji nayo. Kisiwa hakina mto. Zamani kila paa lilikinga mvua na kuielekeza kwenye birika lililochimbwa chini ya ua, na kila ndoo ilihesabiwa. Siku hizi maji ya bomba hutoka baharini na kuondolewa chumvi kwa umeme mwingi, na ndiyo yanayojaza mabwawa yote yanayoning'inia kwenye ukingo wa kaldera. Uzito wa mabwawa hayo si jambo dogo. Mita moja ya ujazo wa maji ni tani nzima, na bwawa linalovuja hulainisha majivu yaliyo chini yake. Mwanzoni mwa mwaka 2025, maelfu ya matetemeko madogo yalipotikisa eneo kati ya Santorini na Amorgos na watu zaidi ya 11,000 wakaondoka kisiwani, mojawapo ya maagizo ya kwanza ya mamlaka lilikuwa kuyamwaga maji ya mabwawa, kwa sababu maji yanayoyumba huongeza nguvu zinazolisukuma jengo. Hilo limenifanya niamini kwamba ukingo wa kaldera umefika kikomo, na kwamba kibali kingine cha bwawa pale kisitolewe.

Kisiwa chenye wakazi 15,500 hivi kinapokea wageni kwa mamilioni kila mwaka. Tangu 2025 abiria wa meli za kitalii wamewekewa kikomo cha 8,000 kwa siku, na hulipa euro 20 kila mmoja wanaposhuka wakati wa msimu mkubwa. Anayelala kwenye hoteli ya nyota tano kati ya Aprili na Oktoba huongezewa euro 15 kwa usiku, ada ya kukabili mabadiliko ya tabianchi. Julai na Agosti njia za Oia hazipitiki jioni. Mei, mwanzo wa Juni na mwisho wa Septemba ndiyo miezi ya kulala huko, na bahari ya Septemba ina joto kuliko ya Mei.

Kama bajeti ina kikomo, au kama unataka pango lenyewe kuliko mandhari, tazama vijiji visivyo kwenye kaldera. Finikia, mwendo mfupi kutoka Oia, na Vothonas, katikati ya kisiwa, vilichimbwa kwenye kingo za mabonde ya mvua ili kuukwepa upepo mkali wa kaskazini wa kiangazi, wanaouita meltemi. Megalochori kuna viwanda vya zamani vya mvinyo vilivyogeuzwa vyumba, vyenye matao mapana kwa kuwa mapipa na mashinikizo ya zabibu yalihitaji nafasi. Kuzunguka vijiji hivyo kuna mashamba ya assyrtiko, zabibu nyeupe ya kisiwa, ambayo mizabibu yake husukwa kwa umbo la kapu chini kabisa ardhini ili upepo usikaushe matunda, huku majivu yakinyonya ukungu wa alfajiri na kuuhifadhi kwa ajili ya mizizi. Huwezi kuona jua likizama baharini ukiwa kitandani. Lakini kuta ni zilezile, ubaridi ni uleule, bei huwa ya chini kwa kiasi kikubwa, na asubuhi mwenye nyumba mwenyewe ndiye anayekuandalia meza: nyanya ndogo zilizokua bila kumwagiliwa, jibini la mbuzi, na fava ya njano, zao la kisiwa la jamii ya kunde ambalo mbegu zake zilikutwa hata kwenye mitungi ya Akrotiri.