Ukinyanyua gari la shamba, usiisahau propela

SIKU tano kabla ya maonesho ya wakulima ya Nane Nane kufunguliwa katika viwanja vya Themi, Arusha, shemeji yangu alinipigia simu kutoka Karatu. Hata hali ya watoto hakuuliza. "Shemeji, gari linatetemeka mpaka vioo vinalia," alisema.

Gari lenyewe ni Land Rover 109, pikapu ya zamani, ambayo yeye na kijana wake waliinyanyua wenyewe nyumbani Mang'ola ili ivuke mifereji ya mashamba ya vitunguu. Nyuma wamefunga pampu ya kumwagilia wanayoikodisha kwa wakulima wenzao. Kibanda cha maonesho kilikwisha kulipiwa, na matumaini yao yalikuwa kurudi na wateja wa msimu mzima. Gari lisingefika, pampu nayo isingefika, na wangebaki kuuza maneno.

Walichokifanya ndicho wanachokifanya wengi. Waliongeza pasi kwenye springi za nyuma, wakachomelea vyuma virefu zaidi vya kuning'inizia springi hizo, kisha wakanunua matairi makubwa mawili ya nyuma. Ya mbele hawakununua kwa sababu fedha ziliishia hapo.

Kule mashambani hapakuwa na tatizo, maana gari lilikuwa likienda mwendo wa punda. Taabu ilianza kwenye lami, kila mshale ulipofika 60. Fundi wa kwanza alisema ni krosi za propela, akabadilisha zote mbili. Mtetemo ukazidi.

Hapa inafaa msomaji aelewe kazi ya krosi. Propela hupeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, na krosi huiruhusu kuzunguka ikiwa imeinama. Lakini krosi iliyoinama haizungushi sawasawa; katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya upande wa pili hufuta kasoro hiyo, mradi zote mbili ziwe zimeinama kwa pembe sawa. Pembe zikitofautiana, kasoro hubaki na kuwa mtetemo. Difu ya Land Rover hizo huzungusha gurudumu mara moja kwa kila mizunguko 4.7 ya propela, kwa hiyo kwenye kilometa 60 kwa saa propela huzunguka zaidi ya mara 1,700 kwa dakika. Krosi mpya haiwezi kuvumilia hali hiyo kwa muda mrefu.

Nilipanda basi hadi Karatu. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, hakugusa spana kwanza. Aliomba kipimapembe cha mtoto wa shule, uzi na nati, akalala chini ya gari. Upande wa giaboksi alipata nyuzi 12, upande wa difu 8. Vile vyuma virefu vilikuwa vimeshusha ncha ya nyuma ya springi, ekseli ikajipinda na pua ya difu ikatazama juu.

Kisha akaonesha kosa la fundi mwenzake. Alipoichomoa propela katikati, kwenye meno yanayoteleza, aliirudisha bila alama. Masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma, ambayo hutakiwa kulingana, yalikuwa yamepishana. Chaki kidogo tu ingezuia hilo.

Jambo la tatu ndilo lililotutoa jasho. Mzee aliinua chasisi kwa jeki hadi ekseli ikaning'inia, halafu akaangalia meno ya propela. Yaliyobaki ndani hayakufika upana wa vidole viwili. Kwenye shimo moja kubwa, propela ingeweza kuchomoka ikiwa inazunguka, na shemeji hupakia vibarua nyuma. Mpira wa breki wa nyuma nao ulikuwa umevutika kama kamba ya gitaa.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kubaki na kimo kile: kuweka kabari za chuma kati ya springi na ekseli ili difu irudi kwenye pembe yake, kurefusha propela kwa mkerezaji na kuipima balansi, na kufunga mpira mrefu wa breki. Ni kazi nzuri kwa mwenye wiki mbili. Sisi tulikuwa na siku tatu.

Tulichagua ya pili. Vyuma virefu vikatolewa, vya zamani vikarudi, na pasi za ziada zikabaki. Matairi makubwa nayo yakatoka. Gari la fowili lenye matairi yasiyolingana mbele na nyuma hujivunja lenyewe, kwa sababu ekseli mbili zilizofungwa pamoja hulazimishwa kwenda kasi tofauti. Isitoshe, tairi la kimo cha sentimeta 88 badala ya 80 hufanya mita isome 80 wakati gari liko kwenye 88, na klachi hulipa gharama.

Kijana alilalamika kwamba sasa gari limekuwa fupi. Mzee akamwita chini ya gari. Springi huinua bodi, alimwambia, lakini difu hukaa palepale. Tairi pekee ndilo huiondoa ardhini. Kwa hiyo miezi yote ile difu ilikuwa imepanda sentimeta 4 tu, na ni kwa matairi, wala si kwa vyuma walivyochomelea usiku kucha. Kijana alinyamaza kidogo, kisha akauliza bei ya matairi manne.

Tuliondoka Karatu alfajiri. Makuyuni tukasimama kukaza upya nati za springi, kama tulivyoagizwa. Mshale ulipita 60, vioo havikulia.

Pale Themi tuliweka boksi la karatasi chini ya difu kwa sababu ya sili inayovuja tangu zamani. Watu wachache waliinama kutazama chini ya gari. Wengi waliuliza pampu inakula lita ngapi kwa ekari moja, na kijana akawa anaandika namba zao za simu.