Chuo Kwanza au Shule Kwanza?

Mwezi uliopita tulikwenda Kericho kuwazuru ndugu zetu, tukafika hadi upande wa Bomet. Ni nchi ya baridi, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na chai imefunika vilima tangu mashamba makubwa yalipoanzishwa katika miaka ya 1920. Waislamu huko ni wachache, na miongoni mwao zimo familia zilizotoka kwetu pwani kufuata riziki.

Baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja mzaliwa wa Mombasa alitutaka shauri. Mumewe yumo kiwandani, naye huchuma chai. Mwanawe wa kiume ametimiza miaka minne. "Sheikh," akasema, "majirani wananiambia nimtie shule ya awali. Bibi yake wa Mombasa ataka aanze chuo kwanza. Nishike lipi?"

Tulikaribia kumjibu upesi, maana kwa miaka mingi kauli yetu ilikuwa hiyo hiyo ya bibi. Lakini tulimuuliza: asubuhi ukenda shambani, mtoto unamwacha na nani? Akainamisha uso. "Na dadake." Dada huyo ana miaka tisa. Siku za majani mengi haendi shule. Hukaa nyumbani akimlea nduguye. Hapo tukafahamu kwamba tunaulizwa juu ya watoto wawili.

Tulimweleza kwanza utaratibu ulivyo. Katika mtaala wa umilisi, ulioenea Kenya nzima mwaka 2019, mtoto husoma PP1 akiwa na miaka minne na PP2 akiwa na mitano, kisha huingia Gredi ya Kwanza. Kwa Katiba ya 2010, elimu hiyo ya awali imo mikononi mwa kaunti. Hufunzwa lugha, hesabu, mazingira, sanaa na michezo, pamoja na dini, na Uislamu una silabasi yake. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule ya umma kumtahini mtoto ili imkubali, isipokuwa kwa kumpangia darasa limfaalo. Basi kumkaririsha mtoto herufi usiku kwa hofu ya usaili ni kumchosha bure.

Ama hofu ya bibi, ina haki yake. Lakini Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliagiza watoto waamrishwe swala wafikapo miaka saba. Kabla ya hapo tunamwona akimbeba mjukuu wake Umama katika swala, na akimliwaza Abu Umayr kwa kufiwa na ndege wake. Na mjini Mombasa kwenyewe, katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said na wenzake, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, walianzisha shule za awali zilizochanganya Qur'ani, michezo na masomo, zikaenea hadi Zanzibar na Uganda. Ugomvi wa chuo na shule ulikwisha suluhishwa na wazee wetu wenyewe.

Tukamwambia aende akajionee kabla ya kumwandikisha. Je, watoto wanacheza, au wameketishwa kutwa? Fimbo ipo? Sheria imeipiga marufuku. Maji na choo vikoje, na chakula ni halali? Njia inapitika mvua ikinyesha? Mwalimu anafunza kwa Kikipsigis, nayo ni lugha ya pale. Je, atamjibu kwa Kiswahili mtoto anayeanza? Mtoto akinyamaza wiki za mwanzo, asidhaniwe mzito. Shule ikiwa mbali mno au ina ukali, kungoja mwaka mmoja si dhambi, ila apatikane mlezi aliye mtu mzima.

Juzi tumepata habari zake. Kijana yumo PP1. Masomo humalizika adhuhuri, na jirani yake, mama wa Kikipsigis, humchukua mpaka wachumaji warudi. Jioni mama humsomesha Alfatiha mwenyewe, aya baada ya aya. Na dada amerudi darasani.

Enyi wazazi, kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Anapopima haki ya mtoto mdogo, asisahau aliyebebeshwa mzigo wake. Mwenyezi Mungu atujaalie kizazi chema. Amin.